Skafu ya Awino

Juzi mvua ilimkuta mjukuu wangu njiani akitoka shule, akafika hapa Migosi sweta yake ya sufu imelowa chapachapa. Mama yake akaitundika kwenye kiti karibu na jiko la makaa. Kabla chai haijachemka, nyumba nzima ilishajaa harufu ya sufu mbichi, nami nikapandwa na hasira bila mtu yeyote kunikosea. "Toeni hiyo kitu nje!" nikafoka. Wakatazamana. Wanajua kwamba hasira zangu ziko karibu, lakini sweta ya mtoto ilikuwa imekosa nini?

Sikuwaeleza. Wao hawangeelewa, lakini ninyi wa rika langu, mliosoma wakati bendera ya shule ingali mpya na mliosukumwa kwenye kila darasa lililobuniwa na parokia, huenda mtanielewa. Sisi wa Usenge tulifundishwa kufuma skafu. Naam, skafu ya sufu, ya kufunga shingoni, pale ufukweni ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli saa nne asubuhi.

Aliyetufundisha alikuwa Mama Perpetua, mke wa katekista. Fundi aliyekuwa akitengeneza mashua alitupigia fremu: mbao nne zilizounganishwa, misumari imepangwa juu na chini kama meno. Kimo chake kilinifika kidevuni. Unazungusha nyuzi kwenye misumari, juu hadi chini, na hizo ndizo nyuzi za kusimama. Kisha unapitisha nyingine katikati yake, juu ya mmoja, chini ya mmoja, na hizo ni za kulala. Uzi wa kulala ulizungushiwa kijiti kilichochongwa ncha pande mbili, ambacho sisi tulikiita yie, yaani mashua, kwa sababu kilienda upande huu na kurudi upande ule bila kufika popote. Halafu unachukua kitana cha mbao unagonga kushuka chini, safu ikae juu ya mwenzake. Ndiyo kazi yote. Ukiisikia hivi utadhani ni rahisi, na mimi nilidhani hivyo.

Shida ya kwanza ilikuwa uzi wenyewe. Ulitoka kwenye masweta makuukuu yaliyoletwa parokiani ndani ya makasha, masweta ya watu wakubwa, mengine yametoboka viwikoni. Tuliyafumua. Na uzi wa sweta lililofumuliwa una kiburi, unajikunja, unakumbuka mahali ulipokuwa. Ilibidi tuuloweke, tuutundike kwenye kamba na kuufunga mawe ya ziwani ili unyooke, na kamba yenyewe ilipita juu ya omena, dagaa wa mama zetu, waliokuwa wakikauka chini. Sufu ikinukia omena, omena wakinukia sufu. Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu hapo karibu alitutazama siku nzima, mwishowe akauliza, "Hii ni ya kufunga nini? Ng'ombe?"

Nilikuwa na miaka tisa na mikono yenye haraka. Sijui kungoja, sikujua wakati huo na sijui sasa. Nilivuta uzi kwa nguvu, kwa hiyo skafu yangu ikaanza pana, ikasinyaa katikati, ikapata kiuno kama cha nyigu. Mama Perpetua alikuja, akaweka kidole pale kwenye kiuno, akasema neno moja: "Fumua." Nikafumua. Nikaanza tena, nikaruka uzi mmoja safu ya tano na sikuona mpaka nilipofika ya ishirini. "Fumua." Nikafumua huku machozi ya hasira yakinidondoka kwenye sufu. Mara ya tatu jasho la vidole lilifanya uzi ushikane, ukakatika, nikaufunga fundo kubwa kama punje ya hindi. "Fumua, Atieno." Mara ya nne niliitupa fremu uani na kuku wakaikimbia. Mama yangu akaiokota, akaipangusa vumbi, akanirudishia.

Dada yangu Awino alikaa pembeni yangu na fremu yake, kingo zake zimenyooka kama mstari wa daftari. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, yuko darasa la sita, na hesabu zake zilikuwa zikisomwa mbele ya darasa la saba ili wale wakubwa waone aibu. Hakuna siku aliyoambiwa afumue. Lakini alifanya kazi pole pole kiasi cha kunitia wazimu. Alipitisha safu tatu, akasimama. Akaangalia ziwa. Akapitisha mbili.

Sasa niwaeleze kuhusu Waya. Kwetu waya ni shangazi, dada wa baba, na huyu alikuwa dada mkubwa wa baba yetu. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Waya aliishi juu huko Kericho, mume wake na yeye wakifanya kazi kwenye chai, na alikuwa amejifungua mtoto akiwa mtu mzima. Alikuja mapema mwaka ule, amevaa koti zito ambalo alikataa kulivua ingawa jasho lilimtiririka, akakaa kwenye kiti cha marehemu baba.

"Min Awino," akamwambia mama yangu, maana ndivyo alivyomwita, mama ya Awino, "mimi naingia kwa chai saa kumi na moja asubuhi. Nani atashika mtoto? Nipatie Awino. Amesoma, imetosha. Darasa la sita si mchezo. Wewe mwenyewe ulisoma mpaka wapi?"

"Sikuingia shule," Mama akasema.

"Na si uliolewa?"

Mama alikuwa mjane, na mjane hamwambii wifi yake hapana, hasa wifi mkubwa, hasa akiwa amekalia kile kiti. Aliangalia fremu mbili zilizoegemezwa ukutani. Kisha akasema, pole pole sana, kwamba Awino alikuwa ameanza kazi ya kanisa, na kazi ya kanisa haiwezi kuachwa ikining'inia kwa misumari, si vizuri, na yeye hakatai, ila aachwe amalize kwanza.

Waya alikuwa mtu wa kanisa kweli kweli. "Kitu ya kanisa siwezi kukata katikati," akasema. "Amalize. Nitarudi."

Mimi nilisikia yote hayo, na wivu ukanishika. Kericho! Huko, nilivyoambiwa, watu walivaa soksi, walikunywa maziwa mpaka yakabaki, na asubuhi moshi mweupe ulitoka kinywani bila mtu kuvuta sigara. Kwangu mimi Awino alikuwa ameokota bahati, na alikuwa akiichezea kwa kufuma kama kobe. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini Mama, ambaye alitupigia kelele kwa sababu ya sufuria iliyosahauliwa, hakumwambia Awino afanye haraka. Nilidhani anampenda zaidi. Hilo liliniuma kuliko "fumua" zote.

Basi nikaapa kumshinda. Nikajifunza kutovuta, nikajifunza kuacha uzi wa kulala ujipinde kidogo kabla ya kuugonga, na siku moja nikafika kwenye misumari ya juu. Skafu nyekundu yenye mistari ya kijivu, kingo zake si nzuri lakini hazina kiuno. Mama Perpetua aliigeuza, akatikisa kichwa kukubali. Pentekoste ilikuwa inakaribia. Nilishaona vile nitakavyoingia kanisani nimejifunga skafu yangu, wasichana wengine wakinitazama. Nikakimbia nayo nyumbani kutafuta mkasi.

Mama alinishika mkono. "Unataka kufanya nini?"

"Kuitoa. Imekwisha."

"Awino ametoa yake?"

"Bado."

"Basi? Wewe ndiye ulimzaa Awino?"

Wenzangu wa kandokando ya ziwa wanajua jambo hili. Kwetu mdogo hatangulii mkubwa. Mke mkubwa ndiye anayetia mbegu ardhini kwanza, wengine ndipo wafuate. Mkubwa ndiye anayeonja mavuno mapya. Anayeruka mpangilio huo anaalika chira, ule ugonjwa wa kukonda na kuisha unaowafuata wavunja miiko, na mara nyingi haumshiki aliyekosa bali ndugu yake. Lakini hayo ni mambo ya mbegu na ya ndoa! Sijawahi kusikia, si kabla wala baada, kwamba kuna mtu aliyeyapeleka kwenye skafu. Nilimkimbilia Mama Perpetua kumshtaki mama yangu, naye akacheka, akasema, "Mambo ya boma lenu mimi siingilii. Ngoja dadako."

Nikangoja. Skafu yangu ikatundikwa ukutani ikiwa bado kwenye fremu, imemalizika na haijamalizika, na kila nilipoamka niliiona. Nzi waliikalia. Mjusi alipita juu yake. Mtu mzima anaweza kuelewa wiki sita ni nini; mtoto wa miaka tisa haelewi. Nilikaa karibu na Awino nikihesabu safu zake kwa sauti ili aone haya.

"Kwani wewe unafuma au unasali?" nikamwuliza siku moja.

"Nafuma."

"Mbona hiyo yie haisogei?"

Ndipo nikaona daftari la hesabu chini ya fremu, limefunguliwa magotini, akilisoma kupitia katikati ya nyuzi. Nikalinyakua. Hakulipigania, aliliomba tu kwa mkono.

"Atieno, lete. Mimi sitaki kwenda kwa Waya."

"Wewe ni mjinga. Kule kuna maziwa."

"Nataka kufanya mtihani wa darasa la saba."

"Si utafanya ukirudi?"

"Msichana akienda kushika mtoto, nani anamrudisha?" akasema. Mimi nikasema basi nitaenda mimi, niko tayari hata kesho, mradi tu atoe skafu yake. Nilisema hivyo kwa dhati. Na nilichosikia katika maneno yake yote ni kwamba anachelewesha kwa makusudi, yaani ananinyima Pentekoste yangu kwa makusudi. Nilimchukia kwa moyo wote.

Jumamosi ya kabla ya Pentekoste mashua zilirudi zimejaa. Mwezi ulikuwa mchanga, ukizama mapema na kuacha giza, na omena walipatikana kwa wingi hata watoto wakaitwa ufukweni kuwageuza. Mama na Awino wakaondoka alfajiri. Mimi nilikuwa nimejikata mguu kwa ndoana, nikaachwa nyumbani kufukuza kuku. Nikakaa sakafuni, mguu umefungwa kitambaa, nikitazama fremu mbili ukutani. Yangu imejaa. Ya Awino imebakiza shubiri mbili na nusu.

Wazo lilipokuja nililiona zuri sana, zuri kuliko yote niliyowahi kuwaza. Simtangulii mkubwa. Nampeleka mkubwa mbele. Nikaishusha fremu yake, nikaiweka magotini, nikaanza.

Sijawahi kufanya kazi kama siku ile. Sikula. Kuku waliingia jikoni wakafanya walivyotaka. Juu ya mmoja, chini ya mmoja, gonga. Uzi uliponikatikia niliuunga kwa fundo dogo nikalificha nyuma. Mgongo uliuma, mguu ulipwita, sufu ilinichubua kati ya vidole, na nikaendelea. Mkono wa Awino ulikuwa mwepesi, safu zake zililala kwa raha. Mimi nilizigonga mpaka zikakazana kama mkeka. Ungeweza kuona kabisa, kama kumepigwa mstari, mahali alipoishia yeye na nilipoanzia mimi. Nilidhani hakuna atakayejali. Jua lilipoanza kushuka nilifika kwenye misumari. Nikachomeka ncha ya uzi, nikaacha kukata, maana kukata ni haki yake.

Mama na Awino walirudi wamechoka, magamba ya omena yaking'aa mikononi. Awino akachukua mtungi akaenda kuteka maji. Mimi nilikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, nimekumbatia fremu, nikingoja arudi nimshangaze. Ndipo nikasikia hodi, na sauti ya Waya, na kile kiti kikilia akikikalia.

Walisalimiana. Mtoto wa Waya alikuwa akikohoa mgongoni kwake. Kisha Waya akauliza, "Na ile kazi ya kanisa?"

"Bado," Mama akasema. "Imebaki nyingi. Labda mwezi mmoja tena, labda miwili. Huyu msichana mikono yake ni mizito."

Waya alivuta pumzi. "Min Awino, mimi nimechoka. Mtoto nashinda nimembeba kwa chai, mvua inamnyeshea. Siwezi kungoja tena. Kesho nikipita Awasi nitachukua tu msichana wa shemeji yangu. Yeye ako tayari, kila siku ananiuliza."

"Wuololo," Mama akasema. "Si ungevumilia kidogo."

"Hapana. Nimevumilia. Awino abaki na kanisa yake."

Mama alisema pole, kwa sauti ya masikitiko ambayo leo najua ilikuwa ya uongo mtupu. Nyuma ya pazia mimi nilielewa jambo moja tu: Awino anapoteza Kericho, na akiipoteza hatakuwa na sababu ya kumaliza milele, na skafu yangu itaozea ukutani. Sikumngoja Awino. Nikatoka nikiburuta mguu, fremu nimeiinua juu.

"Imekwisha! Waya, imekwisha yote! Mama hajaiona tu!"

Waya akaichukua, akapitisha kiganja juu yake, akafika kwenye ule mstari, akapita. "Yawa! Si hii imeisha? Min Awino, hukujua?"

Mama hakuitazama fremu. Alitazama vidole vyangu, vilivyochubuka na kuwa vyekundu kwa rangi ya sufu. Ningependa kusema alikasirika, kwa sababu hasira naijua, ningejua pa kuiweka. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu.

"Sikujua," akasema.

Awino aliingia mlangoni na mtungi kichwani. Aliona fremu mikononi mwa Waya. Hakuutua mtungi, alisimama nao vilevile. "Nani amemaliza?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema. "Nimekusaidia."

Akautua mtungi chini pole pole, tone halikumwagika, akaenda kukunja nguo zake.

Awino hakurudi shule. Alimlea mtoto wa Waya, na aliyefuata, kisha akaolewa huko huko. Ana wajukuu kumi na mmoja na ni mtu mwenye raha zake, wala sitaki kumfanya mnyonge ili hadithi yangu inoge. Tulipomzika Mama nilimwomba msamaha, nikiwa tayari kwa lolote. Akacheka. "Atieno, ulikuwa mtoto," akasema, akaendelea kumenya viazi. Mimi nilikasirika tena! Miaka yote hiyo nimebeba, naye ananiambia nilikuwa mtoto. Lakini nilimwona, tulipokuwa tukigawana vyombo vya marehemu, akihesabu sahani kichwani upesi kuliko mwanangu mwenye diploma, na nikatoka nje.

Waliondoka Jumapili ile ya Pentekoste, asubuhi na mapema, ili Waya awahi kazi. Awino alikata nyuzi zake mwenyewe, akajifunga skafu shingoni kwa sababu Waya alimwambia kule kuna baridi. Upande wake mlegevu ulimkaa vizuri. Upande wangu ulikuwa mgumu, ulisimama kama ubao chini ya kidevu. Mama akawasindikiza hadi kwenye basi. Mimi nilibaki kitandani nikisubiri kipigo, na nilikuwa nimeshachagua mahali pa kulilia.

Mama aliporudi hakunigusa. Aliingia, akaishusha fremu yangu ukutani, akaipuliza vumbi, akaiweka mbele yangu. Akachukua mkasi juu ya kabati akanipa.

"Mkubwa ameshatoa," akasema. "Sasa toa yako."

Nimewahi kuwaambia watu kwamba nililia, kwamba mkono ulinitetemeka. Si kweli. Nilizikata nyuzi moja moja, zikaachia misumari, skafu ikaniangukia magotini ikiwa nzito na yangu peke yangu. Nikajifunga. Kengele ya misa ilipolia nilitangulia mbele ya Mama njia nzima, nikichechemea, jasho likinitiririka shingoni, nikiringa.